Mkia wa Turubai Nilioushona Mimi

Walicheka makaburini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha hapa mezani na daftari. Nisingeandika neno kama watu wazima waliovaa suti wangeweza kufunga midomo yao mpaka udongo ukauke.

Alisimama mjumbe kutoka bohari ya dawa, mtu ambaye hakuwahi hata kupeana mkono na mume wangu, akasoma karatasi aliyoandikiwa. Akasema marehemu alikuwa mchapakazi, mtu wa watu, na kwamba wenzake wa zamani watamkumbuka hasa kwa kituko chake cha kulishonea gari mkia. Akainua macho kutoka kwenye karatasi, kama afanyavyo mtu anayengoja achekewe. Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Wengine waliachia meno yote nje. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha kuazima, hatua tatu kutoka kwenye kaburi la mtu niliyeishi naye miaka arobaini na sita.

Kituko!

Basi na mimi ninayo yangu ya kusema. Niliishia darasa la saba, lakini kusoma najua, kupima najua, na kusahau sijajifunza. Na la kwanza kabisa ni hili: mkia hakuushona yeye. Niliushona mimi.

Cherehani yangu si ya magauni. Ni ile nyeusi, nzito, ya kushonea maturubai, inayohitaji wanaume wawili kuihamisha na mwanamke mmoja kuiendesha. Nimeshona mahema ya harusi, vifuniko vya malori, viti vya magari, hata mfuko wa kubebea ng'ombe mgonjwa. Mume wangu nilimpata kwa cherehani hiyo. Alikuja akiwa dereva kijana, amekumbatia turubai lililochanika pembeni. Nikashona. Baada ya wiki mbili akarudi nalo, limechanika kwingine. Nikashona. Aliporudi mara ya tatu nikaligeuzageuza, nikaona mchano umenyooka kama mstari wa rula.

"Kaka," nikamwambia, "hili halikuchanika. Hili limechanwa."

"Ni kweli," akasema, hata haya hana. "Wembe ninao mfukoni. Sikuwa na sababu nyingine ya kuja."

Huyo ndiye mliyekuja baadaye kumwita mwizi, na huko nitafika. Mtu aliyeshindwa kusema uongo kuhusu turubai lake mwenyewe.

Alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Gari likikohoa alijua ni pafu gani. Hakupiga honi ovyo, na hakuacha injini ikinguruma gari likiwa limesimama. Tukitembea jioni, akikuta bomba la watu linadondosha maji, aliingia uani kwao akalifunga, kisha akabisha hodi kueleza kwa nini ameingia. Mara nyingine nilimkana. Nilisema huyu simjui.

Bohari ilimpa pikapu kuukuu. Kebini ilikuwa fupi, na nyuma kulikuwa na fremu ya nondo iliyovikwa turubai la kijani, refu kuliko kebini, lenye pembe kama sanduku. Kwa miaka kumi na moja alipeleka dawa, chanjo na mitungi ya gesi ya majokofu kwenye zahanati sita. Mafuta yalikuwa lita sitini kwa wiki. Zahanati tano hazikuwa na tabu. Ya sita ilikuwa ng'ambo ya tambarare, barabara imenyooka mpaka macho yanachoka, hakuna mti wala ukuta, ni upepo tu. Lita sitini zililifikisha gari kule wiki moja, na wiki inayofuata hazilifikishi. Muuguzi wa kule, mama mmoja mnene asiyecheka ovyo, alikuwa peke yake na jokofu linalotumia gesi. Mtungi ukiisha kabla gari halijafika, chanjo zinapata joto. Chanjo iliyopata joto ni maji.

Siku moja mume wangu alirudi kutoka kule, akakaa mbele ya sahani asiguse.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Yule muuguzi hakuniambia kitu," akasema. "Amenionyesha mtungi mtupu. Ameugonga kwa kidole ukalia, basi."

Kesho yake alikwenda kuomba mafuta zaidi kwa mkuu wa usafirishaji. Huyu tulimwita Kalamu Nne, kwa sababu alivaa kalamu nne mfukoni na sikuwahi kumwona akitumia hata moja vizuri. Kalamu Nne akamjibu bila kuinua kichwa: "Mafuta ni hayo hayo, mzee. Endesha vizuri."

Endesha vizuri! Amwambie nani, yule?

Mume wangu hakubishana. Alikuja nyumbani akaanza kufikiri, na mtu wa aina ile akianza kufikiri, mifuniko ya sufuria haiko salama. Alisema injini haina tatizo, tatizo ni upepo. Kule tambarare akikanyaga, gari linajisukuma ukutani. Akitaka kujua upepo una nguvu gani, anatoa mkono dirishani. Mjini hausikii chochote. Kwenye mwendo mkono unarudishwa nyuma kama unavutwa na mtu mwenye hasira. Hilo analijua mtoto yeyote aliyewahi kupanda gari. Likumbukeni, maana huko mbele kuna mtu mwenye ofisi ambaye hakulijua.

Alianza mbele, kama ambavyo kila mtu angeanza. Alichonga pua ya mbao nyembamba, ndefu, yenye ncha, akaifunga mbele ya boneti. Gari likawa kama ndege aina ya korongo aliyekasirika. Jirani yetu fundi viatu akamwuliza, "Dereva, hilo linakwenda kudonoa nini?" Na mafuta hayakupungua hata kikombe. Mwezi mzima alihangaika na ile pua, anaichonga, anaipaka rangi, anaihesabia kilomita kwenye kidaftari chake kwa penseli. Hola.

Jumamosi moja nilikuwa nafua lile turubai, kwa sababu kufua nako kulikuwa juu yangu. Nikawa nanung'unika.

"Baba watoto," nikasema, "hebu niambie. Upepo unaupiga uso wa gari, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi kwa nini mbele kusafi, na uchafu wote uko nyuma? Kila wiki nasugua kipande cha nyuma mpaka mikono inaota sugu, na cha mbele nakipangusa tu. Vumbi linafuata nini huku matakoni?"

Alikuwa ameshika msumeno. Akauweka chini. Akaja akalitazama lile turubai, kipande cha nyuma chekundu kwa vumbi, akakipitishia kidole. Kisha akanitazama mimi kwa namna ambayo hakunitazama tangu zile siku za wembe.

"Linavutwa," akasema. "Linavutwa nyuma. Gari linaburuta shimo."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kwa beseni la kufulia. Ukisukuma mkono kwenye maji ukiwa umekunja ngumi, nyuma ya ngumi maji yanazunguka na kuvuta. Ukiufanya mkono wako uchongoke nyuma kama samaki, maji yanajifunga taratibu na mkono unakuwa mwepesi. Kwa hiyo kasoro ya gari haikuwa usoni. Ilikuwa mgongoni, pale sanduku linapokatika ghafla na upepo unashindwa kujifunga. Pua ya korongo ikawa kuni siku hiyo hiyo.

Akataka kuuona upepo wenyewe. Nikafumua sweta langu jekundu, nikakata nyuzi urefu wa kiganja, tukazibandika gari zima. Akaendesha tambarare, na mimi nikafuata nyuma kwenye pikipiki ya shemeji yangu, nikiwa nimemshika kiuno na kuangalia nyuzi. Ubavuni zililala sawasawa. Juu ya paa, pale turubai linapopanda kuizidi kebini, zikacheza kama zimepagawa. Nyuma kabisa, naapa, zilikuwa zimegeuka zinaelekea mbele! Gari linakwenda kule, nyuzi zinaonyesha huku. Nilipiga kelele mpaka shemeji nusura atuangushe.

Jumatatu hakuwa amezitoa zote. Mtunza stoo akaziona, akaandika barua ambayo nakala yake ninayo mpaka leo: "Dereva tajwa amefunga nyuzi nyekundu kwenye gari la ofisi, kwa nia isiyojulikana, na watumishi wana hofu." Hofu! Mtu anapima upepo kwa sweta la mkewe, wenye elimu zao wanaona uchawi. Kalamu Nne akamwita, akamwambia apeleke imani zake kwingine. Mume wangu akatoa nyuzi, akaomba radhi, akaja nyumbani akacheka peke yake. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Mkia ulinichukua wiki tatu. Yeye alikunja nondo nyembamba za fremu, mimi nilikata turubai. Lilikuwa langu, nililonunua kwa kazi yangu, na uzi wangu uliopakwa nta. Ulianzia kwenye ukingo wa sanduku, ukapungua taratibu kila upande mpaka ukawa na kimo cha kiti, ukakatikia hapo. Pembe zote nilizipa mviringo. Ukifika kwenye zahanati unafungua kamba sita, unaukunja pembeni kama mlango, unashusha mizigo. Juu ya kebini nikashona mteremko ili upepo upande bila kugonga ukuta. Chini ya tumbo akafunga mabati ya madebe aliyoyanyoosha kwa nyundo. Na kwenye magurudumu ya nyuma, ndiyo, mifuniko yangu miwili mikubwa ya sufuria. Nilipika nimefunika kwa sinia mwaka mzima.

Barabarani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamwita Bwana Mkia. Watu kwenye vituo walipiga mluzi. Mwenye lori mmoja akampigia kelele: "Mzee, umeuza gari ukanunua kambale?"

Lakini Ijumaa ya kwanza alifika zahanati ya sita. Ijumaa ya pili akafika. Ya tatu akafika. Zahanati zote sita, kila wiki, na mwisho wa wiki akabakiwa na lita nne. Alipima kwa kijiti, maana mshale wa mafuta ulikufa zamani. Muuguzi alipomwona Ijumaa ya nne mfululizo, akaleta kiti nje, akamwambia, "Kaa, baba. Leo unakunywa chai yangu." Mume wangu alinisimulia ile chai kama mtu aliyepewa nishani.

Na sasa sikilizeni alichofanya na zile lita nne. Mtu mwingine angeziweka jikoni, au angeziuza. Yeye alizinyonya kwenye dumu, akalipeleka stoo, akasema, "Hizi zimebaki." Kila wiki, dumu. Mtunza stoo akapokea, akaandika.

Mwezi wa tatu akaitwa ofisini. Alivaa shati jeupe. Alidhani wanampongeza. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipiga pasi lile shati, na hilo sitawasamehe.

Kalamu Nne alikuwa na daftari la gari mezani. Akasema: "Mzee, sasa unafika vituo sita na mafuta yanabaki. Miaka kumi na moja ulituambia hayatoshi. Kwa hiyo tueleze. Miaka kumi na moja hayo mafuta yalikuwa yanakwenda wapi?"

Mume wangu hakuelewa swali. Aliniambia alisimama pale, akafikiri amesikia vibaya. Kisha akasema, "Bwana mkubwa, ni mkia."

"Kitambaa?" akasema Kalamu Nne. "Kitambaa ndicho kinachozalisha dizeli?"

Mnaona? Angeiba lita nne, angestaafu mtu safi. Alizirudisha, ndiyo maana akawa mwizi. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka na miaka na bado linanipandisha presha.

Mume wangu akaomba gari lipimwe, na mkia na bila mkia. Wakakubali. Mnajua walikopimia? Mjini! Bohari, posta, benki, ofisi kuu, halafu bohari tena. Matuta ya barabarani, wavuka njia, wauza karanga, gari linatambaa kwa mwendo wa bibi harusi. Akawaambia kwa heshima zote, "Mkia unafanya kazi gari likishika mwendo. Twendeni tambarare." Kalamu Nne akamjibu mbele ya watu, "Barabara ni barabara." Wakazunguka siku mbili. Siku ya mkia, mafuta yalizidi kikombe kimoja, maana mkia una uzito wake. Akaandika: hakuna tofauti. Na kwa sababu hakuna tofauti, basi ule ulikuwa wizi. Kwenye barua waliita "upotevu wa mafuta wa miaka kumi na moja". Uani mwa bohari waliuita kwa jina lake: wizi.

Ilibaki miezi mitano astaafu. Hawakumfukuza, walifanya lililo baya zaidi. Walimweka getini. Walimkabidhi filimbi na daftari la geti, awe anamfungulia dereva mpya gari lake mwenyewe.

Mkia aliufungua kwa mikono yake, akauleta nyumbani kwenye mkokoteni. Tukauweka sebuleni, nyuma ya kabati. Watu wakaanza kututazama upya. Jirani mmoja, ambaye nimemshonea bure si mara moja, alisimama mbele ya nyumba yangu akainua macho juu.

"Kumbe ndiyo maana mna bati jipya, shoga."

"Bati hilo," nikamwambia, "ni mahema manane ya harusi. La tano lilikuwa la binti yako." Akaenda zake.

Mume wangu alikuwa anarudi kutoka getini, anakaa, anaangalia kabati. Nikamwambia tupeleke malalamiko juu zaidi. Akasema, "Watasoma barua ya Kalamu Nne kabla ya yangu." Alikuwa amezeeka ndani ya mwezi mmoja. Alikuwa anapita kwenye bomba linalodondosha bila kulifunga.

Basi Kalamu Nne, kwa kuwa alishaamini hesabu yake, akaifuata mpaka mwisho. Akakausha tangi la gari ili kuanza upya. Akampa dereva mpya lita hamsini na sita kamili, bila mkia, akamwambia: "Vituo sita. Rekodi zinaonyesha inawezekana." Dereva mpya alikuwa mtu mwema, mwenye adabu. Asubuhi ya Ijumaa alipunguza mwendo pale getini.

"Shikamoo, mzee. Mafuta haya yatanifikisha kule kweli?"

"Marahaba. Bila mkia hayakufikishi," mume wangu akamwambia. "Rudi ukawaambie."

"Nimewaambia. Wamesema nikiogopa waniletee kiti nikae getini na wewe."

Mume wangu akamfungulia geti. Akaandika saa ya kutoka. Saa ya kurudi haikuandikwa siku hiyo. Gari lilizimika katikati ya tambarare, mtungi wa gesi umo ndani, hakuna anayepita. Jumamosi dereva alirudi juu ya lori la mkaa, mweusi yeye, dumu tupu mkononi. Mpaka mafuta yapatikane, mpaka lori la kumrudisha lipatikane, ilikuwa Jumapili jioni. Jokofu la zahanati ya sita lilikuwa limezima tangu Ijumaa. Jumatatu kina mama walifika na watoto migongoni, wengine wametembea tangu alfajiri, wakaambiwa warudi.

Yule muuguzi hakupiga kelele. Alizipanga chupa zote za chanjo zilizoharibika kwenye sanduku lake, akalifunga vizuri, akampa dereva alipeleke bohari, mezani kwa mkuu wa usafirishaji. Juu aliandika: "Zimepata joto. Nawarudishia mzihesabu. Na yule mzee wa mkia yuko wapi?"

Jumanne alasiri Kalamu Nne alikuja nyumbani kwangu. Alikuja na dereva mpya. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, sikusimama. Mume wangu alikuwa ametoka zamu, yuko pembeni anavua viatu.

"Mama, hujambo," akasema Kalamu Nne.

"Sijambo. Kalamu zako zote nne zimekuja?"

Dereva mpya akageukia ukuta.

"Mama, tumekuja kwa wema. Tunaomba kile kitambaa."

"Kitambaa kinachozalisha dizeli?"

"Tuyaache yaliyopita, mama."

"Yamepita wapi? Barua yako iko kabatini kwako leo hii, inasema mume wangu alipoteza mafuta miaka kumi na moja. Iandike nyingine. Andika hakuiba, uweke mhuri, nitakushonea hata mikia mitatu."

"Hayo yana utaratibu wake. Faili limeshakwenda juu. Mimi peke yangu siwezi…"

"Kuliandika uliweza peke yako!"

Hapo mume wangu akasema, polepole, kiatu kimoja kikiwa mkononi: "Wape."

Nikageuka. "Nini?"

"Wape, mama watoto. Ijumaa imebaki siku tatu. Yule mama kule anagonga mtungi."

Niliumia, siwafichi. Nilikuwa nimemshika yule bwana pabaya kwa mara ya kwanza, na mume wangu mwenyewe ndiye anayenifungua vidole. Nikamtazama. Hakuwa anaomba kwa ajili ya bohari. Ule uso niliujua, ndio uso wa kufunga mabomba ya watu. Ulikuwa umepotea mwezi mzima na sasa umerudi.

"Sawa," nikasema. "Lakini kuna mshono umefumuka. Njooni kesho saa nne asubuhi."

Hakuna mshono uliofumuka. Mishono yangu haifumuki. Walipotoka tu, nilibeba uzi mweupe mnene, ule wa kushonea mikanda ya mizigo, nikautandaza mkia sakafuni, na kwenye uso wa nyuma, pale anapotazama kila mtu anayefuata gari, nikaanza kuandika kwa cherehani. Kila herufi nikaipitisha mara nne. Kila herufi urefu wa mkono mpaka kiwiko.

HAKUIBA.

Mume wangu alikuja na taa, akasimama juu yangu, akasoma. Nilingoja aniambie nitoe. Mwishowe akapitisha kiganja juu ya uzi, akasema, "Hautazuia upepo." Halafu akasema, "Herufi ya mwisho imeshuka kidogo." Kisha akatoka nje, na nikasikia anafunga bomba la jirani.

Kesho yake uliwekwa garini pale bohari, kwa sababu dereva mpya hakujua zile kamba sita zinapita wapi, na ilibidi mume wangu aitwe kutoka getini amfundishe. Kalamu Nne akatoka ofisini, akazunguka nyuma ya gari, akasoma. Macho yalimwiva mekundu kama lile sweta langu.

"Hii ni nini? Hili ni gari la serikali!"

"Gari ni la serikali," nikasema, maana nilikuwa nimeusindikiza mkia wangu. "Mkia ni wangu. Turubai langu, uzi wangu."

"Toa hayo maandishi."

"Nikitoa maandishi, natoa na mkia. Chagua."

Watumishi walikuwa wamejaa madirishani, pamoja na yule mtunza stoo mwenye hofu. Sanduku la muuguzi lilikuwa bado mezani, wazi. Kalamu Nne akatazama gari, akatazama dirisha lake, akaingia ndani akafunga mlango. Mume wangu akarudi getini. Akafungua geti kwa mikono miwili, wazi kabisa, akapuliza filimbi, na neno langu likatoka barabarani mbele yake.

Lita hamsini na sita. Zahanati sita. Zilibaki vikombe viwili.

Mkia ule ulikwenda miaka minne, mpaka gari lenyewe likafa. Zahanati sita zililisoma neno lile kila wiki. Alipostaafu, mume wangu alipewa saa ya ukutani na kushikwa mkono. Barua nyingine haikuandikwa. Niliiulizia kila mwaka, nikaambiwa faili halionekani, halafu Kalamu Nne akahamishwa, halafu hakuna aliyejua ninauliza nini. Kilichobaki kwenye kumbukumbu zao ni mtu wa vichekesho aliyelivalisha gari nguo. Siku hizi malori makubwa yanapita hapa yamefungwa sketi pembeni na mteremko juu ya kebini, yametoka kiwandani hivyo, na hakuna anayeyapigia mluzi.

Gari lilipokufa niliukata ule uso wa nyuma, nikaukunja, nikauweka nyuma ya kabati. Wiki moja baada ya mazishi niliutoa. Nimeutundika kwenye uzio wa mbele, upande wa barabara, nimeufunga kamba sita. Uzi umegeuka rangi ya chai lakini haujakatika hata mmoja. Wapita njia wanasimama wanauliza nani hakuiba nini. Nawakaribisha, nawaeleza kuanzia vumbi.

Yule msoma karatasi wa makaburini nyumba anaijua, alikula hapa siku ile. Aje. Kiti kipo.